Inazunguka Tu: Kwa Nini Video na Redio za Mtandaoni Hukwama Rungwe

Kwaya ikikatika katikati ya ubeti, mtandao unasumbua. Somo la fizikia likiganda mwalimu akiwa ameinua chaki, mtandao unasumbua. Picha ikija bila sauti, hapo napo mtandao unasumbua. Kuanzia Kiwira hadi Ushirika, wilayani Rungwe, kauli hiyo imekuwa jibu la kila kitu, na hatua inayofuata ni ileile: mwenye kompyuta ananunua bando jingine, anafungua upya, kiduara kinazunguka vilevile, na fedha imekwenda. Kwa familia inayongoja malipo ya chai au ya maziwa, hiyo si hasara ndogo. Ukweli ni kwamba kukwama si tatizo moja. Yapo angalau matatu yanayofanana usoni, na ni moja tu ambalo bando linaweza kulisaidia. Kuyatofautisha ni kazi ya dakika chache, na inafaa ifanyike kabla ya mtu kutoa hata shilingi.

Video inayotazamwa Tukuyu hupita sehemu tatu za njia. Ya kwanza ni kutoka kwenye seva inakohifadhiwa hadi kwenye mnara ulio karibu nawe. Ya pili ni kutoka mnarani hadi sebuleni. Ya tatu iko ndani ya kompyuta yenyewe, ambako data iliyobanwa hufunguliwa ikawa picha na sauti. Video haiji kwa mkupuo. Kwa mtindo ambao Apple iliuanzisha mwaka 2009, na ambao mwenzake ulipata kiwango cha kimataifa mwaka 2012, video hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande huwekwa tayari kwa viwango kadhaa vya ubora. Kichezeshi huagiza kipande kimoja kimoja, hupima kasi, huchagua ubora unaobebeka, kisha huweka akiba. Akiba hiyo, ambayo mafundi huiita bafa, inafanya kazi ya simtank ya nyumbani: bomba likikatika unaendelea kuchota mpaka tangi likauke. Kiduara kinachozunguka maana yake tangi limekauka. Lakini picha inayorukaruka ilhali tangi limejaa ni habari nyingine kabisa. Hapo data imefika, ila mashine inashindwa kuifungua.

YouTube inaruhusu mtu aione akiba hiyo kwa macho yake. Bofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, shuka hadi kipengele cha mwisho kabisa kwenye orodha, na kidirisha cheusi chenye tarakimu kitafunguka juu ya picha. Maelezo yake ni ya kitaalamu, lakini mistari mitatu inatosha. Mmoja unataja fremu zilizodondoshwa kati ya zile zilizopaswa kuonyeshwa. Mwingine unataja kasi ya muunganisho kwa kilobiti. Wa tatu unataja akiba ya bafa kwa sekunde. Iache video iende dakika mbili huku ukiikodolea macho mistari hiyo. Bafa ikishuka kutoka sekunde 20 hadi 5 hadi sifuri, na fremu zilizodondoka zikabaki chache, tatizo liko njiani. Bafa ikitulia kwenye sekunde 30 au 40 huku fremu zinazodondoka zikipanda kwa mamia, bando halina kosa lolote, na kuliongeza ni kutupa fedha. Sijui kipimo kingine cha bure kinachosema ukweli haraka kiasi hiki, na inanisikitisha kwamba watu wengi wenye kompyuta hawajawahi kuonyeshwa.

Tuanzie ndani ya mashine, kwa sababu kukagua mashine hakuli data. Kompyuta ambayo mwalimu au mkulima wa parachichi anaimudu bei yake mara nyingi ni ya mtumba, iliyotumika ofisini Ulaya au Uarabuni kabla ya kufika kwenye maduka ya Mbeya. Ni mashine nzuri kwa kuandika barua na kupiga hesabu. Kwenye video za leo ina udhaifu mmoja mahususi. Mfumo wa kubana video uitwao H.264 ulitoka mwaka 2003, na mashine hizo zina sehemu maalumu ya chipu inayoufungua bila taabu. YouTube, kwa nia njema ya kupunguza data, hupenda kutuma mifumo mipya zaidi: VP9 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018. Prosesa za Intel zilianza kufungua VP9 kikamilifu kwa chipu kuanzia kizazi cha 7, na AV1 kuanzia kizazi cha 11. Mashine iliyoandikwa i3-3110M ni ya kizazi cha 3, kama tarakimu ya kwanza baada ya kistari inavyoonyesha. Ikiletewa VP9 ya 1080p inalazimika kuifungua kwa nguvu ya prosesa kuu, feni inavuma, na picha inaanza kurukaruka huku sauti ikiendelea vizuri. Sauti nzima na picha iliyokatikakatika ni dalili ya mashine karibu kila mara.

Tiba yake haina gharama. Kile kidirisha cheusi kinataja pia mfumo unaotumika: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Programu nyongeza ya kivinjari kama h264ify huilazimisha YouTube ilete H.264. Lazima niseme upande wa pili wa jambo hili: kwa ubora uleule, H.264 hula data zaidi, kwa hiyo mwenye kutumia njia hii ashushe ubora hadi 480p. Kwenye kioo cha inchi 14 tofauti na 720p ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Aichomeke pia mashine kwenye chaja, maana ikiwa kwenye hali ya kuokoa betri hupunguza kasi ya prosesa, na afunge madirisha mengine ya kivinjari. Picha ikiwa nyeusi au ya kijani ilhali sauti ipo, kadi ya picha na draiva yake haziafikiani na kivinjari. Nenda kwenye mipangilio ya kivinjari, ondoa ruhusa ya kadi hiyo kusaidia, kisha ufungue upya.

Programu zilizopitwa na wakati ni sura nyingine ya tatizo hilohilo. Flash, ambayo zamani ilibeba video nyingi za mtandaoni, ilizikwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na video ambayo bado inaidai haitacheza kwenye vivinjari vya leo. Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 ilipofika toleo la 110, Februari 2023. Mwenye Windows 7 amebaki na toleo la 109, na huduma za filamu zenye ulinzi humkataa bila maelezo ya kueleweka. Yeye atumie Firefox 115, toleo la muda mrefu lililoendelea kuhudumia mifumo ya zamani. Ninachopinga ni desturi ya kukimbilia kupiga Windows upya kila video inapogoma. Inafuta mafaili ya watu, inalazimisha masasisho ya gigabaiti kadhaa kwa bando la mteja, na mara nyingi tatizo linarudi siku hiyohiyo kwa sababu prosesa ni ileile.

Kuna hitilafu moja ndogo ambayo ningependa kila fundi wa Tukuyu aianzie. Mzee akija na mashine na kuuliza, "Mwanangu, hii video mbona haifunguki?", kitu cha kwanza kutazama ni kona ya chini kulia ya kioo, penye saa na tarehe. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri bapa ya duara, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayotunza saa wakati mashine haina umeme. Kwenye mashine ya mtumba betri hiyo mara nyingi imeshaisha. Betri kuu nayo ikiwa imekufa, umeme ukikatika usiku tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Tovuti za leo hujitambulisha kwa vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2012 inaviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kutumika, inatangaza kwamba muunganisho si salama, na kuna wakati ukurasa unafunguka nusu huku sehemu ya video ikibaki tupu. Mtu anasema mtandao umekufa. Sahihisha tarehe, pakia ukurasa upya, video inacheza. Kisha badilisha kile kibetri, maana umeme ukikatika tena kesho utarudi ulikotoka. Ndugu wa hitilafu hii alijitokeza tarehe 30 Septemba 2021, cheti kimoja mama kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti kilipoisha muda. Mashine za zamani ambazo hazikuwa zimesasishwa zilianza kukataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka.

Sauti ina mambo yake. Picha ikicheza vizuri bila sauti, bando liwekwe kando kabisa, kwa kuwa data iliyoleta picha imeleta na sauti. Tazama kwanza kama alama ya spika kwenye kichezeshi au kwenye kichupo cha kivinjari imefungwa. Kisha bofya spika iliyo karibu na saa uone sauti inaelekezwa wapi. Mtu aliyetumia projekta au televisheni kwa waya wa HDMI mara nyingi huikuta kompyuta bado inapeleka sauti huko. Tundu la spika za masikioni nalo huchoka: likiingia vumbi au kutu, jambo la kutarajiwa kwenye unyevu wa Rungwe, mashine huamini kwamba waya umechomekwa na kunyamazisha spika zake. Chomeka na kuchomoa mara kadhaa, au lisafishe kwa kijiti chenye pamba kavu mashine ikiwa imezimwa. Na pale YouTube inapotoa ujumbe kwamba kitoa sauti kina hitilafu na kukutaka uwashe kompyuta upya, aghalabu ni kwa sababu kifaa cha sauti kimebadilishwa video ikiwa inaendelea. Funga kivinjari na ukifungue tena kabla ya kuzima mashine nzima. Kwenye kibanda umiza au ukumbi wa kanisa tatizo huwa kinyume, yaani sauti ipo na ukuta ni mweusi. Huduma za kulipia hukagua kama waya na projekta vinakubali ulinzi wa kunakili, na projekta ya zamani inayopitia adapta ya VGA haipiti ukaguzi huo.

Sasa njia ya kutoka mnarani hadi nyumbani, ambako Rungwe ina tabia zake. Hii ni wilaya ambayo sehemu zake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, yenye mabonde yanayoshuka kutoka kwenye Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Mtu aliye Masoko au upande wa Mwakaleli anaweza kuuona mnara kwa mbali na bado akawa kwenye kivuli cha kilima. Watu husema mvua huharibu mtandao, na wana haki, ingawa sababu si ile wanayoidhani wengi. Mawimbi yanayoifikia simu, ya kati ya megahezi 700 na 2,600 hivi, hayajali sana matone ya mvua. Yanayoumia ni mawimbi ya dishi za mviringo zinazounganisha mnara mmoja na mwingine, kwa kuwa mengi kati yake yako juu ya gigahezi 10, ambako mvua kubwa humeza nguvu. Kwa hiyo simu inaweza kuonyesha vistari vyote huku data ikitambaa: wewe na mnara mnaelewana, ila mnara na dunia hawaelewani. Hapo hakuna cha kurekebisha nyumbani. Subiri mvua ipungue, au shusha ubora hadi 240p.

Majani yaliyolowa ni habari nyingine, maana maji yaliyomo kwenye majani hudhoofisha mawimbi ya simu, na nyumba nyingi za Rungwe zimezungukwa na migomba hadi dirishani. Juu ya nyumba hizo kuna paa la bati, linalozuia mawimbi yanayotoka juu. Simu iliyowekwa kitandani ili irushe hotspoti kwenye kompyuta iliyo sebuleni inapoteza nguvu mara mbili, mara ya kwanza katika kupokea na mara ya pili katika kurusha. Iweke dirishani upande wa mnara na uiunganishe na kompyuta kwa waya wa USB wa mita 3. Waya huondoa udhaifu wa hotspoti, unaichaji simu papo hapo, na simu inakaa mahali penye mawimbi badala ya mahali penye kiti.

Baada ya kuunganisha, funga mianya. Windows ikiona hotspoti huidhani ni mtandao usio na kikomo, hivyo hushusha masasisho na kupandisha picha zako OneDrive wakati uleule unapotazama ibada. Kwenye mipangilio ya muunganisho kuna sehemu ya kuiambia kwamba mtandao huu unahesabiwa. Iwashe. Ni hatua ninayoiona kuwa na faida kubwa kuliko zote kwa mtu anayenunua bando kwa siku. Video ikikwama kuanzia saa 2 usiku hadi saa 5 lakini ikapita laini saa 11 alfajiri, ni msongamano wa mnara, na kubadilisha laini kwenda kampuni yenye wateja wachache eneo lako kunaweza kusaidia kuliko bando kubwa zaidi.

Sehemu ya mbali ya njia ni ile ambayo mtu wa Tukuyu hana mkono nayo, ila anaweza kuitambua. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Mbeya na mpakani Kasumulu, na nchi imeungwa na dunia kwa nyaya za baharini tangu SEACOM ilipofika Dar es Salaam Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Siku kama hizo si huduma zote zinazoumia sawa. Kampuni kubwa kama Google huweka nakala za video zinazopendwa karibu na watumiaji, ndani ya mitandao ya watoa huduma, kwa hiyo YouTube inaweza kucheza huku tovuti ndogo iliyo kwenye seva ya Ulaya ikigoma. Ukiona huduma moja inakwama na nyingine inapita, acha kuigusa kompyuta.

Kuna pia kufungwa kwa makusudi. Mei 2025 mtandao wa kijamii wa X ulizuiwa nchini, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Waliohangaika na mashine zao siku hizo walihangaika bure. Wanaotumia VPN wajue mambo mawili: tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetaka matumizi yake yaandikishwe, na VPN huizungusha video hadi nchi nyingine kabla ya kuileta kwako. Kuizima kwa jaribio moja ni kipimo cha haraka.

Redio za mtandaoni zinastahili kutengwa na video. Vituo vingi vidogo havitumii vipande na bafa nilivyovieleza. Hutuma mkondo mmoja wa MP3 usiokatika, na mawimbi yakiyumba sekunde chache mkondo unakufa na hauanzi wenyewe. Isitoshe, mingi kati ya mikondo hiyo bado iko kwenye anwani isiyo na usimbaji, ile isiyo na herufi s baada ya http, na tangu mwaka 2020 vivinjari kama Chrome vimekuwa vikikataa sauti ya aina hiyo ndani ya ukurasa salama. Msikilizaji anabonyeza, hakuna kinachotokea, hakuna hata ujumbe wa hitilafu. Suluhisho ni programu ya VLC. Nakili anwani ya mkondo, ifungue kama mkondo wa mtandao, na kwenye chaguo za ziada ongeza muda wa akiba hadi milisekunde 5,000 au 10,000. Redio itachelewa kuanza, na kama ni mechi ya Simba na Yanga utalisikia goli baada ya jirani, lakini haitakatika kila gari la mizigo linapopita. Na ukikutana na namba, zisome: 404 ni kwamba anwani haipo tena, 403 ni kwamba unakataliwa, 503 ni kwamba seva yao imezidiwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotoka kwenye kompyuta yako.

Nimeeleza wajibu wa mtazamaji kwa kirefu, na si haki kuishia kwake. Kwa viwango ambavyo YouTube yenyewe inapendekeza, 360p inahitaji megabiti 0.7 kwa sekunde, 480p megabiti 1.1, 720p megabiti 2.5 na 1080p megabiti 5. Kwa saa nzima hiyo ni hadi megabaiti 315 kwa 360p, na zaidi ya gigabaiti 2 kwa 1080p. Kanisa, chuo au halmashauri inayorusha tukio kwa 1080p kutoka kwenye ukumbi wenye mtandao dhaifu wa kupandisha inajikatia yenyewe matangazo pale yanapoanzia, na watazamaji wote wanaganda kwenye sekunde ileile, kila mmoja akilaumu laini yake. Rusha kwa 480p iliyo imara. Na kwa kuwa ibada, mihadhara na vikao vya madiwani ni vitu vya kusikiliza zaidi kuliko kutazama, weka pembeni kiungo cha sauti tupu kwa mfumo wa AAC wa kilobiti 32 kwa sekunde. Mtu aliye bondeni Busokelo atasikiliza saa nzima kwa megabaiti zisizofika 15, mvua ikinyesha, kwa kompyuta ya kizazi chochote.